Luther Alipokosa Usingizi: Tafakari ya Kihistoria juu ya Kukesha

Wengi wetu tumekulia katika Kanisa linalokesha. Tunakesha Krismasi, tunakesha mwaka mpya, tunakesha msibani tukiimba na wafiwa mpaka kunakucha, na siku hizi sharika nyingi zina mkesha wa maombi wa mara kwa mara. Hatuandiki makala hii ili kuyapinga hayo. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani akaomba usiku kucha kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, na milango ikafunguka.

Tunaandika kwa sababu ipo hatua ambapo kukesha kunaacha kuwa ibada na kunakuwa kitu kingine. Historia ya Kanisa, na hasa maisha ya Martin Luther, inatuonyesha hatua hiyo iko wapi na yanayompata mtu akiivuka. Tena tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuivuka, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine. Habari hiyo tutaisimulia kwa wakati wake. Kwanza tuanze na Luther.

Deni la sala

Luther aliingia monasteri ya Waaugustino katika mji wa Erfurt, Ujerumani, mwezi Julai 1505, akiwa na umri wa miaka 21. Maisha ya monasteri yalipangwa kwa vipindi vya sala, mchana na usiku. Kengele iliwaamsha watawa gizani, nao wakaenda kanisani kuimba Zaburi na kusoma sala zilizopangwa kwa saa ile. Mtawa aliyekuwa padre hakuruhusiwa kuviruka vipindi hivyo. Kama kazi ilimzuia kuwa pamoja na wenzake, ilimpasa kuzisoma sala zile peke yake baadaye. Kuziacha kwa makusudi kulihesabiwa kuwa dhambi.

Mwanzoni Luther alizishika zote. Lakini mwaka 1512 alipata udaktari wa theolojia na akapewa kazi ya kufundisha Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Mwaka 1515 akawekwa kuwa msimamizi wa monasteri kumi na moja za shirika lake. Mwaka uliofuata alimwandikia rafiki yake Johannes Lang barua ambayo kila mchungaji mwenye mitaa mingi ataielewa. Alisema anahitaji karibu makatibu wawili. Anahubiri monasterini na kanisani mjini, anafundisha juu ya Paulo, anaandaa masomo ya Zaburi, anaamua mashauri ya watu, na hata mabwawa ya samaki yako chini ya uangalizi wake. Akaongeza kwamba ni mara chache anapata muda wa kutosha wa vipindi vyake vya sala.

Basi alifanya nini? Aliziacha sala zilimbikizane, kama mtu anayechukua bidhaa dukani kwa mkopo. Miaka mingi baadaye, akiwa mezani na wanafunzi wake katika miaka ya 1530, aliwasimulia jinsi ilivyokuwa. Sala zilikusanyika kwa juma moja, mara nyingine kwa majuma mawili au matatu. Kisha alitenga Jumamosi moja, au akajifungia chumbani hata siku tatu, bila kula wala kunywa, mpaka amalize kusoma zote alizokuwa akidaiwa.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Alisema kichwa kilimuuma kama kinachopasuka. Kwa usiku tano hakuweza kufumba macho. Alilala mgonjwa karibu na kufa, na akili zikamtoka. Hata alipopata nafuu, kila alipojaribu kusoma kichwa kilizunguka. Alipokuwa akiyasimulia hayo hakujisifu kwa ushujaa wake wa kuomba. Aliyaita mateso, na akasema Mungu ndiye aliyemvuta kwa nguvu na kumtoa humo.

Hapa pana jambo la kutufikirisha. Katika miaka ya 1515 na 1516 Luther alikuwa akifundisha Waraka kwa Warumi. Alikuwa ameanza kuona kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo yake. Mwaka 1517 alitoa hoja zake 95. Hata hivyo ilimchukua mpaka takriban mwaka 1520 kuacha kabisa kulipa deni lile la sala. Kinywa kilikuwa kinahubiri neema, na mwili ulikuwa bado unalipa deni. Tunaofundisha theolojia tunajua hali hiyo. Mtu aweza kusimama madhabahuni na kueleza vizuri kwamba wokovu ni zawadi, kisha akarudi nyumbani akaishi kama kibarua anayeogopa kufukuzwa.

Mwili usipolala

Katika zama za Luther hakuna aliyejua kwa nini kichwa chake kilizunguka. Wengine wangesema ni Shetani, wengine wangesema ni utakatifu. Leo tunajua zaidi, kwa kuwa katika miaka kama 130 iliyopita watu wa sayansi wamelichunguza jambo hili.

Mwaka 1894 mtafiti wa Urusi, Maria Manasseina, alichapisha majaribio yake juu ya watoto wa mbwa. Walilishwa na kutunzwa, ila walinyimwa usingizi. Walikufa baada ya siku chache tu, mapema kuliko wale walionyimwa chakula. Miaka miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, watafiti Patrick na Gilbert waliwakesha vijana watatu kwa saa 90. Wa kwanza wao, baada ya usiku wa pili, alianza kulalamika kwamba sakafu imefunikwa na kitu kama mafuta chenye chembechembe zinazotembeatembea. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Alipolala, mambo hayo yakatoweka.

Mwezi Januari 1959 mtangazaji wa redio wa New York, Peter Tripp, alikesha kwa saa 201 ili kuchangisha fedha za kusaidia watoto wagonjwa. Nia yake ilikuwa njema. Siku zilivyosonga aliona utando wa buibui ndani ya viatu vyake, na suti ya mtu aliyekuja kumwona ikaonekana kwake imefumwa kwa minyoo. Mwishoni aliamini kwamba madaktari waliokuwa wakimtunza wana njama dhidi yake.

Wengi wamesikia pia habari za Randy Gardner, mwanafunzi wa miaka 17 wa San Diego, Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 alikaa macho kwa saa 264, yaani siku kumi na moja. Hakutumia dawa za kumzuia kulala. Siku ya nne aliona kibao cha barabarani akadhani ni mtu, kisha akaamini kwamba yeye ni mchezaji maarufu wa mpira. Siku ya mwisho aliambiwa ahesabu kwa kutoa saba saba kuanzia mia moja. Alifika 65 akanyamaza. Alipoulizwa kwa nini amenyamaza, alisema amesahau alikuwa akifanya nini. Alipolala, alilala zaidi ya saa 14. Aliamka vizuri, lakini uzeeni alisimulia kwamba aliteswa miaka mingi na kukosa usingizi.

Mambo ya namna hii yana mpangilio wake. Usiku mmoja bila usingizi hutuacha wazito na wenye hasira za haraka. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Australia mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 24 hufanya kazi kwa udhaifu sawa na mlevi ambaye sheria haimruhusu kushika usukani. Ubongo huanza kuiba usingizi wenyewe: kwa sekunde chache mtu hulala huku macho yakiwa wazi, wala hajui kwamba amelala. Baada ya usiku wa pili na wa tatu huja maruweruwe. Mtu huona visivyopo na kusikia sauti zisizokuwepo. Baada ya hapo huja shuku: anaona kila mtu ni adui. Mwili nao hushindwa kujilinda na magonjwa. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, katika miaka ya 1980, panya walionyimwa usingizi kabisa walikula zaidi na bado wakakonda, joto la mwili likashuka, na baada ya majuma mawili au matatu wengi wao walikufa.

Hatusemi kwamba Mungu hawezi kusema na mtu usiku. Samweli aliitwa usiku. Lakini tukumbuke kwamba Samweli alikuwa amelala alipoitwa. Tunachosema ni hiki: mtu aliyenyimwa usingizi kwa siku kadhaa ataona mambo na kusikia mambo, awe mtakatifu au mwenye dhambi, awe anaomba au anasoma matangazo redioni. Kwa hiyo yale anayoyaona hayawezi kuwa ushahidi, iwe kwa ajili yake au dhidi yake.

Mchungaji wa Brandeston

Kanisa halikulijua hilo, au halikutaka kulijua, na watu wengi walikufa.

Katika karne ya 16 na ya 17 nchi nyingi za Ulaya ziliwasaka watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Nchi za Kikatoliki zilifanya hivyo, na nchi za Kiprotestanti pia. Tusijitoe: Luther mwenyewe aliamini kwamba wachawi wapo na wanastahili adhabu, na katika maeneo ya Kilutheri pia watu walichomwa moto. Huko Uskoti wachungaji na wazee wa kanisa walishiriki kuwaweka washukiwa macho usiku baada ya usiku mpaka wakiri. Ilifika mahali mwaka 1662 Baraza la Mfalme la huko likapiga marufuku kuwanyima usingizi washukiwa bila amri yake.

Nchini Uingereza sheria ya kawaida haikuruhusu mtu kuteswa ili akiri. Lakini kumketisha mtu kwenye kigoda katikati ya chumba na kumzuia asilale hakukuhesabiwa kuwa mateso. Hakuna damu iliyomwagika wala mfupa uliovunjika. Walisema wanamwangalia tu. Matthew Hopkins na mwenzake John Stearne walienda mji kwa mji mashariki mwa Uingereza kati ya mwaka 1645 na 1647 wakitumia njia hiyo. Wa kwanza alikuwa Elizabeth Clarke wa Manningtree, mwanamke mzee, maskini, mwenye mguu mmoja. Aliangaliwa usiku kadhaa, kisha akakiri kwamba ana vijipepo vyenye sura za wanyama, akawataja na wengine. Alinyongwa mwezi Julai 1645.

Mwezi uliofuata ikafika zamu ya mtumishi wa madhabahu. John Lowes alikuwa mchungaji wa kijiji cha Brandeston, katika jimbo la Suffolk, mzee wa karibu miaka 80. Alikuwa amelihudumia kanisa lile kwa karibu miaka 50. Hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Alikuwa amegombana na washarika wake kwa miaka mingi, na baadhi yao walifurahi kupata njia ya kumwondoa. Walimtupa majini ili waone kama ataelea. Wakamkesha usiku kadhaa, wakimkimbiza chumbani huku na huko mpaka pumzi zimwishie, wakimpumzisha kidogo, kisha wakimkimbiza tena. Mwishoni hakujua tena anachosema wala anachofanya. Akakiri kwamba ana vijipepo, na kwamba alizamisha meli baharini kwa uchawi.

Alipopata akili zake alikana yote. Haikusaidia. Tarehe 27 Agosti 1645 alinyongwa mjini Bury St Edmunds pamoja na wengine. Watu 18 walikufa siku ile. Inasimuliwa kwamba hakuruhusiwa kuwa na mchungaji wa kumzika. Basi mzee yule, ambaye alikuwa amewazika washarika wake kwa nusu karne, akaisoma ibada ya mazishi mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe, akielekea kwenye kitanzi.

Si wachungaji wote walionyamaza. John Gaule, mchungaji wa Great Staughton, alihubiri hadharani kupinga kazi ya Hopkins, na mwaka 1646 akachapa kitabu juu ya jambo hilo. Aliandika kwamba mambo yamefika mahali ambapo makunyanzi ya uso na sauti ya kukwaruza vinatosha kumfanya mwanamke mzee aitwe mchawi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kwetu ni macho mekundu, yaliyokuwa mekundu kwa sababu bibi amepulizia moto wa kuni kwa miaka 60 ili wajukuu wale. Mwaka 1647 Hopkins alilazimika kuchapa kijitabu cha kujitetea, na mwaka huohuo akafa.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo. Watu walifanya kazi kwenye kompyuta, wakaonywa wasibonyeze kitufe fulani. Baadaye baadhi yao walikeshwa usiku mmoja, wengine wakaachwa walale. Asubuhi kila mmoja aliombwa kutia sahihi karatasi inayosema kwamba alikibonyeza kitufe kile, jambo ambalo hakulifanya. Kati ya waliolala, 18 kwa kila 100 walitia sahihi. Kati ya waliokeshwa ilikuwa nusu yao. Na huo ulikuwa usiku mmoja tu, wala hapakuwa na kigoda, wala kelele, wala umati.

Usiku wa tatu

Sasa tusimulie yetu. Kabla ya kuitwa kufundisha chuoni tulihudumu katika usharika mmoja wa kijijini. Mjukuu wa mjane mmoja aliugua. Bibi huyo alikaa naye hospitalini akilala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto, kama bibi zetu wanavyofanya, na kila mtoto alipolia aliamka. Mtoto akafa. Zikafuata siku za msiba, watu wengi nyumbani, na bibi hakulala. Alikuwa akiongea peke yake. Ndugu wakasema ana kitu ndani yake, wakamleta kwetu aombewe.

Tulimpokea kwa upendo. Tulidhani hivyo. Kikundi cha maombezi kilifunga na kuomba, tukaanza mkesha. Kila aliposinzia tulimtikisa, tukamwambia asimpe adui nafasi. Usiku wa kwanza alilia. Usiku wa pili alisema anamwona mtoto mlangoni. Usiku wa tatu, alipoulizwa kwa mara ambayo hatukumbuki ni ya ngapi, alisema kwa sauti ya chini kwamba ni yeye aliyemla mtoto.

Watu walipiga kelele, wengine wakashangilia kwamba siri imefunguka. Nasi moyoni tulisikia kitu ambacho tunaona aibu kukiandika: tulisikia kuridhika, kana kwamba kazi imezaa matunda.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mama aliyekuwa muuguzi mpaka alipostaafu, alisogea karibu akasema polepole, "Baba Mchungaji, naomba unisamehe. Bibi huyu amelala lini mara ya mwisho?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulihesabu. Hospitalini, msibani, kanisani: yalikuwa yanakaribia majuma mawili ambayo hakuna aliyemwona amelala usingizi wa kweli. Mama yule hakusubiri tumalize kuhesabu. Alimchukua bibi kwa mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa uji, akamlaza, akaketi mlangoni asiruhusu mtu kuingia. Bibi alilala mpaka jioni ya siku iliyofuata. Alipoamka aliuliza kama mtoto amekwisha kuzikwa. Maneno aliyoyasema usiku ule hakuyakumbuka hata kidogo.

Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka kanisani. Jumapili ile tulisimama tukawaeleza washarika kwamba bibi hana hatia, na kwamba kosa ni letu. Wengine walielewa. Wengine walitutazama tu. Bibi hakurudi tena nyumbani kwake. Binti yake alikuja kumchukua akaishi naye mbali, na huko ndiko alikozikwa. Hatukuitwa kumzika, wala hatukustahili.

Miaka ilipita ndipo tukasoma habari za John Lowes. Tulikuwa tunatafuta mambo mengine kwa ajili ya somo la historia ya Kanisa. Tulipofika mahali pa kigoda na kukimbizwa, tulifunga kitabu. Wale watu wa Suffolk tulikuwa tukiwahesabu kuwa washenzi wa zamani. Kumbe waliamini wanachokiamini kama sisi, na waliomba kama sisi, na hawakufikiri kuuliza swali lile la mama muuguzi.

Neno lilifanya kazi

Turudi Wittenberg. Mwezi Machi 1522 mji ule ulikuwa na vurugu. Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, na nyuma yake wenye haraka walikuwa wakivunja sanamu na kulazimisha mabadiliko. Alirudi, akahubiri siku nane mfululizo. Katika hubiri la pili aliwaeleza jinsi Matengenezo yalivyokuwa yametendeka mpaka siku ile. Alisema yeye alihubiri na kuandika tu. Kisha, alipokuwa amelala, au alipokuwa ameketi akinywa bia ya Wittenberg pamoja na rafiki zake Philipp Melanchthon na Nikolaus von Amsdorf, Neno la Mungu ndilo lililofanya kazi yote.

Tusisumbuliwe na bia tukalikosa lile la kwanza: alipokuwa amelala. Huyu ndiye mtu ambaye miaka michache kabla alikaa usiku tano bila kufumba macho kwa ajili ya deni la sala. Sasa anasimama mbele ya watu na kutaja usingizi wake kuwa ushahidi kwamba kazi ni ya Mungu. Hatukusoma mahali pengine maelezo mafupi zaidi ya kuhesabiwa haki kwa imani. Anayelala ameacha kila kitu mikononi mwa mwingine. Hawezi kulinda, hawezi kulipa, hawezi hata kuomba. Anapumua tu, na Mungu anamtunza.

Maandiko yanasema vivyo hivyo. Zaburi ya 127 inamkumbusha mwenye kuchelewa kulala na kuwahi kuamka kwa taabu kwamba Bwana huwapa wapendwa wake usingizi. Eliya alipochoka akatamani kufa chini ya mretemu, Mungu hakumwamuru afunge wala akeshe. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena. Mlima wa Horebu ulikuja baadaye. Katika dhoruba, aliyelala mashuani ni yule pekee aliyekuwa anajua kwamba bahari haitamshinda Baba. Na bustanini Gethsemane aliwataka wanafunzi wake wakeshe saa moja. Waliposhindwa, alihuzunika, lakini alikumbuka kwamba mwili ni dhaifu, wala hakuwafukuza.

Basi tufanye nini na mikesha yetu? Tuikeshe, kwa furaha, na tukumbuke kwamba usiku mmoja una asubuhi yake. Aliyekesha asishike usukani wa basi la kwaya asubuhi ile, apumzike kwanza. Mama mwenye mtoto mchanga, muuguzi wa zamu na mlinzi wa usiku tayari wanakesha kwa ajili yetu. Usharika ukitaka kuwasaidia, uwapunguzie kazi wapate kulala, wala usiwaone wavivu wanaposinzia wakati wa mahubiri. Kijana Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka dirishani. Paulo alishuka akamkumbatia, wala hakumkemea. Aliyekosa usingizi kwa siku nyingi apelekwe kwa daktari, nasi tuombe naye njiani. Mgonjwa au mfiwa asizuiwe kulala kwa jina la maombezi. Na neno lolote lililotamkwa na mtu aliyenyimwa usingizi, iwe ni njozi, unabii au ungamo, lisipokewe wala kutangazwa mpaka amelala, amekula, na kuulizwa tena kwa upole. Swali la mama yule lingefaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha maombezi.

Wengi wetu tulijifunza Katekisimo Ndogo tulipokuwa darasa la kipaimara. Luther aliiandika mwaka 1529, miaka kama tisa baada ya kuacha kulipa deni la sala. Mle aliweka sala fupi ya jioni kwa ajili ya kila nyumba. Mtu ajibariki kwa ishara ya msalaba, akiri imani, aombe Baba Yetu, ashukuru kwa siku iliyopita, aombe msamaha, ajikabidhi mikononi mwa Mungu. Dakika chache tu zinatosha. Halafu anatoa agizo ambalo tulilisoma tukiwa watoto bila kulitilia maanani: ukimaliza, nenda ukalale upesi, na moyo wako uwe na furaha.

Agizo hilo limeandikwa na mtu aliyejua usiku tano bila usingizi ukoje. Sisi tulikuwa tumelisoma, tukalihitimu, tukalifundisha, na bado tulimtikisa bibi kila aliposinzia. Mungu atusamehe. Na yeye, tunaamini, sasa anapumzika.